Daktari Aliyekaa Angani Siku 437

Tukizungumza habari za watu waliokwenda angani, wengi wetu twakumbuka majina mawili tu: Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia tarehe 12 Aprili, 1961, na Neil Armstrong, aliyekanyaga mwezini mwezi wa Julai, 1969. Hao walifanya makubwa, wala sitaki kuwapunguzia sifa. Lakini Gagarin alikuwa safarini kwa dakika 108, muda usiotimia vipindi vitatu vya darasani, na Armstrong na wenzake siku ya tisa walikuwa wamekwisha rudi. Mimi napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye hatajwi sana, naye alikaa angani siku 437 pasipo kushuka. Aliitwa Valeri Polyakov, Mrusi, na kazi yake ilikuwa udaktari.

Aliondoka tarehe 8 Januari, 1994, akarudi tarehe 22 Machi, 1995. Wakubwa zetu waliokuwa hapa shuleni miaka ile wataupima muda huo vizuri wakikumbuka hivi: mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 1994 alimkuta Polyakov yuko juu, akasoma mihula yake yote mitatu, akala Krismasi kwao, akarudi akiwa mtu wa kidato cha pili mwenye kuwacheka wageni, na daktari yule alikuwa bado anazunguka.

Labda utauliza, alitafuta nini huko muda wote huo? Wengine katika chama chetu cha sayansi walisema kwamba alitaka kuwashinda wenzake kwa hesabu ya siku tu, kama mkimbiaji. Mimi sikubaliani nao. Polyakov alikuwa mtu wa taasisi moja ya Moscow inayochunguza afya ya wasafiri wa angani, naye alikwenda kutafuta jibu la swali moja: mtu akiishi miezi mingi pasipo kuuona uzito wa mwili wake, je, siku ya kushuka ataweza kusimama kwa miguu yake na kufanya kazi? Swali hili si la mchezo. Safari ya sayari ya Mirihi yachukua miezi sita hadi tisa, na hiyo ni kwenda tu. Kule Mirihi hakuna watu wenye machela watakaokungoja mlangoni. Ukifika nawe huwezi kusimama, umekufa. Basi Polyakov alijitoa awe mgonjwa, na papo hapo awe daktari wa mgonjwa huyo.

Kituo alichokaa kiliitwa Mir, neno la Kirusi lenye maana mbili, amani na ulimwengu. Sehemu yake ya kwanza ilirushwa tarehe 20 Februari, 1986, kisha nyingine zikaungwa moja moja, kama mtu anavyoongeza vyumba katika nyumba yake kila apatapo fedha. Wakati wa Polyakov zilikuwa nne. Ile kubwa ya kukaa ilikuwa na urefu wa mita 13 hivi, na mahali palipo papana kabisa hapakuzidi mita 4 na kidogo. Humo watu watatu, na mara nyingine sita, walikula, wakafanya kazi na kulala, na mwenye hasira hakuwa na kiwanja cha kwenda kupunga upepo.

Kilikuwa juu yetu kwa kilometa 390 hivi. Tukiilaza njia hiyo juu ya ardhi, si mbali. Ni karibu sawa na safari ya basi kutoka Kampala hadi Kabale. Jambo la ajabu si umbali bali ni mwendo. Kituo kile kilikwenda kilometa 7.7 kwa kila sekunde, yaani Kampala hadi Jinja kwa sekunde kumi na kidogo. Kwa mwendo huo kiliizunguka dunia nzima kwa dakika 92, na waliokuwamo waliona jua likichomoza na kutua mara 15 au 16 katika saa 24. Chukua kalamu uzidishe siku 437 kwa saa 24, kisha kwa dakika 60, halafu ugawanye kwa 92. Utaona kwamba Polyakov aliizunguka dunia zaidi ya mara 6,800. Na kwa kuwa njia ya Mir ilikata ikweta kila mzunguko, ilipita pia juu ya nchi zetu hizi. Kituo kikubwa kinachozunguka siku hizi chapita vivyo hivyo, nasi tumekiona mara kadhaa kutoka uwanja wa mpira, baada ya jua kutua, kiking'aa kama nyota kubwa isiyometameta, kikivuka mbingu kwa dakika chache bila sauti yo yote.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeona hata wanafunzi wa vidato vya juu wanalikosea. Watu husema kwamba wasafiri wa angani huelea kwa sababu huko juu hakuna nguvu ya uvutano wa dunia. Sivyo. Pale ilipokuwa Mir, uvutano bado ni karibu sehemu tisa katika kumi za uvutano wa hapa chini. Mwenye kilo 70 angepanda ngazi ndefu mpaka urefu ule, akasimama kwenye mizani, mizani ingemwonyesha kilo 62. Sababu ya kuelea ni kwamba kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja. Fikiri mdudu aliye ndani ya embe. Embe likiwa bado mtini, mdudu amekanyaga sakafu ya chumba chake. Kikonyo kikikatika, embe laanguka na mdudu aanguka nalo kwa mwendo ule ule. Mpaka litakapogonga ardhi, mdudu haikandamizi sakafu yake hata kidogo. Kwa muda huo yeye hana uzito.

Je, mbona kituo hakigongi ardhi? Simama juu ya kilima urushe jiwe mbele yako. Litakwenda kidogo na kuanguka. Lirushe kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Kama ungekuwa na mkono wa kulirusha kilometa karibu 8 kwa sekunde, wala pasiwe na hewa ya kulizuia, jiwe lingeanguka daima, lakini ardhi nayo, kwa kuwa dunia ni mviringo, ingezidi kuinamia chini, wasikutane. Isaac Newton aliyajua hayo zaidi ya miaka 300 iliyopita, ingawa hakuwa na roketi. Basi Polyakov alikuwa mdudu ndani ya embe, na embe lake lilianguka siku 437.

Kuanguka huko hakuumizi siku ya kwanza, ila kunachafua tumbo. Katika sikio la ndani kuna chombo cha kutuambia juu ni wapi na chini ni wapi, nacho huko angani hupotewa. Wengi hutapika siku mbili tatu. Tena damu na maji ya mwili, ambayo hapa duniani huvutwa miguuni, hupanda kichwani. Uso huvimba, pua huziba kama ya mwenye mafua, na miguu huwa myembamba. Mwili hudhani una maji mengi mno, nao huyatoa kwa mkojo. Uti wa mgongo, ukiwa haubebi kitu, hujinyosha, na mtu huongezeka urefu kwa sentimeta kadhaa. Viti vya kurudia nyumbani, ambavyo hufinyangwa kwa umbo la kila msafiri, huachiwa nafasi kichwani kwa sababu hiyo.

Lakini hatari kubwa huingia polepole, nayo ni ya mifupa na misuli. Hapa shuleni mwenzetu mmoja aliteguka na kuvunjika mguu alipoanguka kutoka katika mti wa maembe. Alipoondolewa plasta baada ya wiki kadhaa, tulishangaa sote: mguu ule ulikuwa mwembamba kama wa mtoto wa darasa la tatu, na mwingine kama kawaida. Hakuna ugonjwa ulioukonda. Haukutumika, basi. Mwili ni bahili. Kitu usichokitumia haukilishi. Mfupa nao, ambao twaudhania kuwa kama mti mkavu, ni kitu hai, kinachobomolewa na kujengwa kila siku. Usipobeba uzito, wabomoaji huendelea na kazi yao na wajenzi hupunguza yao, na kalsiamu iliyotoka mfupani hupita katika figo, ambako yaweza kufanya mawe. Imepimwa kwamba msafiri wa angani, asipojilinda vya kutosha, hupoteza kwa mwezi mmoja kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga. Zidisha hiyo kwa miezi 14 utaona jambo lililomkabili Polyakov.

Nao Warusi walikuwa wameonja uchungu wake mapema. Mwezi wa Juni, 1970, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov walikaa angani katika chombo kidogo, Soyuz 9, siku karibu 18. Waliporudi hawakuweza kusimama bila kushikwa, na zilipita siku kadhaa kabla ya kutembea vizuri. Siku 18 tu! Mwaka uliofuata wenzao watatu walikaa siku 23 katika kituo cha kwanza duniani, Salyut 1, lakini hao hawakupata nafasi ya kupimwa miguu. Walipokuwa wakirudi, vali moja ya chombo chao ilifunguka kabla ya wakati, hewa yote ikatoka, wakafa kabla ya kufika ardhini. Majina yao ni Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev.

Baada ya hapo kazi ilikwenda hatua kwa hatua. Vituo vilifuatana, na siku zikaongezwa kidogo kidogo kila safari, madaktari wakipima kila aliyeshuka kabla ya kumruhusu mwingine azidishe. Duniani nako walitafuta njia ya kuiga hali ya angani. Mwaka 1986 hadi 1987, huko Moscow, wanaume kadhaa walikubali kulala kitandani siku 370 pasipo kusimama, vichwa vyao vikiwa chini kidogo kuliko miguu, ili damu ipande kichwani na mifupa ikose kazi. Mimi nawastahi watu hao kama ninavyomstahi aliyepanda roketi, maana hakuna aliyewapigia makofi. Mwaka 1988 Vladimir Titov na Musa Manarov walitimiza mwaka mzima katika Mir, na daktari aliyepelekwa kuwaangalia miezi yao ya mwisho alikuwa Polyakov huyu huyu. Yeye mwenyewe alibaki mpaka Aprili, 1989, akafikisha siku 240. Kwa hiyo aliporuka tena Januari, 1994, hakuwa mgeni wa jambo hilo. Alikuwa mtu mzima wa miaka 51.

Dawa yake kubwa ilikuwa jasho. Kila siku, kwa muda wa saa mbili hivi, ilimpasa mtu wa Mir kukimbia juu ya mkanda unaozunguka na kukanyaga baiskeli isiyokwenda po pote. Ukikimbia bila uzito, hatua ya kwanza yakurusha darini. Kwa hiyo mkimbiaji alifungwa mikanda ya mpira mabegani na kiunoni, imvute chini kama mzigo. Jasho halitiririki huko. Hushikamana na ngozi na kuwa bonge la maji linalotikisika mgongoni, mpaka ulifute kwa taulo. Kuoga ni kwa kitambaa kilicholowana. Tena mchana walivaa vazi liitwalo Pengwini, lenye mipira ndani inayotaka kuukunja mwili, hata misuli ishindane nayo saa zote. Siku za kurudi zilipokaribia, walivaa suruali ngumu iitwayo Chibis, ambayo hewa yake hufyonzwa ili damu ishuke miguuni na moyo ukumbuke kazi yake ya zamani. Na kabla ya kushuka hunywa maji yenye chumvi ili kurudisha maji yaliyopotea mwilini.

Sisi tunaokimbizwa kuzunguka kiwanja saa kumi na mbili asubuhi twaweza kudhani jambo hilo ni jepesi. Siku kumi, sawa. Lakini fikiri kufanya hivyo siku zaidi ya mia nne, mahali pale pale, wala hakuna siku utakayojiona umepata nguvu zaidi. Unakimbia ili ubaki ulivyo tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipokuwa ushujaa wake, kuliko katika kupanda roketi, ambako mtu amefungwa kitini wala hana la kuamua.

Hewa na maji nayo ni masomo kamili, lakini nitayagusa kwa ufupi. Oksijeni ilipatikana kwa kupasua maji kwa umeme, jambo ambalo kila mwanafunzi wa kemia amelifanya maabarani kwa betri na vijiti viwili. Mvuke wa pumzi na jasho ulipozwa ukawa maji, yakasafishwa, yakanywewa tena. Ndiyo, ndugu yangu, jasho la jana ni chai ya leo. Na feni hazikuzimwa kamwe. Hapa duniani pumzi ya moto hupanda juu na hewa safi hushika nafasi yake. Huko hakuna cha kupanda wala kushuka, hata aliyelala mahali pasipo upepo aweza kuzungukwa kichwani na hewa chafu aliyoitoa mwenyewe, akaamka na kichwa kinamgonga.

Hatari za ghafula nazo hazikukosa. Siku ya sita ya safari yake, tarehe 14 Januari, 1994, wenzao wawili waliokuwa wakirudi nyumbani walizunguka kituo ili wakipige picha, na chombo chao kikakigonga kituo ubavuni. Kwa bahati hakuna kilichotoboka. Mwezi wa Agosti chombo kisicho na mtu, kilichowaletea chakula na vifaa, kilishindwa kujiunga na Mir mara mbili, na mara ya pili kilikigonga. Hapo Yuri Malenchenko aliketi ndani ya kituo mbele ya televisheni ndogo, akakishika chombo kile kwa usukani wa mbali na kukiingiza mlangoni kwa mkono wake, tarehe 2 Septemba. Kama angekosa tena, sijui kama ningekuwa na siku 437 za kuandika.

Juu ya moyo na akili, yafaa tukumbuke kwamba Polyakov hakukaa na watu wale wale. Alipanda pamoja na Viktor Afanasyev na Yuri Usachov, nao wakashuka Julai. Wakaja Malenchenko na Talgat Musabayev, wakashuka Novemba. Mwezi wa Oktoba walikuja Aleksandr Viktorenko, mwanamke Yelena Kondakova, na Mjerumani Ulf Merbold aliyekaa mwezi mmoja. Kila mara yeye aliwapokea wageni, akawaonyesha vitu vilipo, akawazoea, kisha akawaaga mlangoni na kubaki. Sisi wa mabweni twajua kidogo jambo hilo. Wiki ya pili ya muhula, mwenzako anayepiga mluzi akifunga viatu si kitu. Wiki ya kumi, mluzi ule ule waweza kuleta vita. Nasi tuna likizo.

Wataalamu wa saikolojia walimpa Polyakov majaribio yale yale kabla ya safari, akiwa angani, na baada ya kurudi: kukumbuka, kufikiri upesi, kufuata alama inayokwenda huku na huku kwa usukani, tena kueleza hali ya moyo wake. Walichokiona ni hiki. Nguvu za kufikiri hazikupungua. Wiki tatu za kwanza angani moyo wake ulikuwa mzito, kazi alikiona kuwa kubwa kuliko kawaida, na mkono wake ulikosa shabaha. Baada ya hapo alitulia, akawa kama alivyokuwa duniani, na miezi ikapita hivyo hivyo mwaka mzima na zaidi. Wiki mbili za kwanza baada ya kurudi alisumbuka tena. Mimi nilidhani kwamba mtu huchakaa kidogo kidogo kama soli ya kiatu, na mwezi wa kumi na nne ndio ungekuwa mbaya kuliko yote. Kumbe kilichomsumbua ni kubadili mahali, kwenda na kurudi, mkaa alizoea.

Tarehe 6 Februari, 1995, chombo cha Wamarekani, Discovery, kilikisogelea kituo mpaka mita 11 hivi pasipo kujiunga nacho. Iko picha maarufu iliyopigwa siku hiyo kutoka Discovery: dirisha dogo la mviringo katika ubavu wa Mir, na nyuma ya kioo uso wa Polyakov anatazama nje. Alikuwa amekwisha kaa humo miezi 13.

Tarehe 22 Machi chombo chake kilishuka kwa mwavuli katika mbuga za Kazakhstan. Desturi ni kwamba watu huwatoa wasafiri mmoja mmoja, wakawabeba kama watoto na kuwakalisha katika viti vilivyowekwa karibu. Baada ya miezi mingi mkono wa mtu mwenyewe ni mzigo, na kugeuza shingo tu kwaweza kumtapisha. Polyakov hakutaka kubebwa mpaka kitini. Alitembea mwenyewe ule mwendo mfupi kutoka chomboni, kwa miguu yake, akaketi. Yasimuliwa kwamba kisha alipata sigara kwa rafiki aliyekuwapo, akaivuta. Katika hilo tusimwige. Hatua zile chache ndizo alizozifuata siku 437. Nikolayev na Sevastyanov walibebwa baada ya siku 18. Mwili wa binadamu haukubadilika katika miaka ile 25. Kilichobadilika ni maarifa ya kuutunza.

Sasa mwenye akili za kisayansi atasema: mtu mmoja si ushahidi. Ni kweli. Polyakov alikuwa amechaguliwa miongoni mwa wengi, alikuwa daktari aliyejua kila dalili, na alikuwa na safari nyingine ndefu nyuma yake. Mtu mwingine mwenye mifupa mingine huenda angeshuka vibaya. Tena yako mambo ambayo wakati wa Mir hayakufahamika. Baadaye, katika kituo cha mataifa ambacho hakijakosa watu tangu tarehe 2 Novemba, 2000, madaktari waligundua kwamba wasafiri wengine hubadilika macho: nyuma ya jicho hubonyea, mshipa wa fahamu huvimba, na mtu huona karibu kwa shida. Mifupa ya wengine, hata mwaka mmoja baada ya kushuka, haijarudia nguvu zake zote. Na iko mionzi. Mir ilizunguka ndani ya kivuli cha sumaku ya dunia, ambayo hutukinga. Msafiri wa Mirihi atatoka nje ya kinga hiyo, na hapo siku 437 za Polyakov hazitujibu kitu.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyotugawanya katika chama chetu. Mmoja aliuliza kama ni haki kumpeleka mtu mahali ambapo yajulikana kwamba mwili wake utaharibika. Nilimjibu kwamba Polyakov hakupelekwa, alitaka mwenyewe, tena akijua kuliko sisi sote. Akaniambia, "Haya, yeye alijua. Na atakayefuata, asiye daktari, atajua?" Sikuwa na jibu, na mpaka sasa nalitafuta.

Mir yenyewe iliangushwa baharini, katika Pasifiki ya kusini, tarehe 23 Machi, 2001. Habari za kufa kwa Polyakov zilitangazwa Septemba, 2022, akiwa na umri wa miaka 80. Mwezi huo huo Mmarekani Frank Rubio alirushwa kwenda katika kituo cha mataifa kwa safari ya miezi sita. Mwezi wa Desemba chombo chake cha kurudia kilivuja maji ya kupoza mitambo, ikabidi asubiri kingine, akashuka Septemba, 2023, baada ya siku 371. Hakuna Mmarekani aliyewahi kukaa angani mfululizo muda huo. Alipungukiwa na siku 66 kumfikia daktari.